Redio ya Android, CarPlay au GPS tu? Noah, Land Cruiser na Coaster hapa Arusha

Binti_Olasiti

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri wa watu waliokwisha kufunga vitu hivi kwenye magari yao, maana mjini kila muuzaji anasifia cha kwake.

Kuna magari matatu ya mama, mimi ndiye ninayeyasimamia. Noah ya kukodisha, bado ina redio yake ya Kijapani. Land Cruiser ya utalii, injini ya dizeli 1HZ, inazunguka Tarangire, Ngorongoro na Serengeti. Halafu Coaster: siku za shule inabeba wanafunzi, wikiendi ni harusi na misiba, mara nyingi Moshi na Rombo.

Wateja wa Noah wanataka ramani na muziki wa simu zao. Mama anataka kujua magari yako wapi muda wowote, na yakiibwa yazimwe kutoka kwenye simu. Nimeelezwa njia tatu. Kwanza ni redio kubwa za Android, kioo cha inchi 10, zenye laini ndani yake. Muuzaji anasema zitafanya kila kitu pamoja na kufuatilia gari. Pili ni redio zenye CarPlay na Android Auto, mtu anatumia simu yake. Tatu ni kuacha redio zilivyo na kufunga GPS ya kufuatilia gari tu, na hapo napo kuna zinazotuma kwa mtandao wa simu wa zamani, 2G, na za mtandao mpya, 4G. Fedha haitoshi kufanya yote kwenye magari yote. Nianzie wapi?

FundiUmeme_Sakina

Dada, karibu. Kabla ya kuchagua chochote, pima umeme wa kila gari. Coaster nyingi zilizotoka Japani ni za volti 24, na Land Cruiser za dizeli zilizotengenezwa kwa soko la Japani zipo za 24 pia. Redio hizi ni za volti 12. Utakuta fundi anachukua 12 kwenye betri moja kati ya mbili kwa sababu ni kazi rahisi. Betri ile inanyonywa peke yake, mwenzake inazidishiwa chaji, na haipiti muda zote mbili zimekufa. Dai kipunguza volti. GPS hazina taabu hiyo, nyingi zinapokea kuanzia volti 9 hadi 36, lakini soma kibandiko chake.

Sasa Noah. Redio ya Kijapani imetengenezwa kwa FM ya kwao, inayoanzia 76 MHz na kuishia 90, zile mpya kidogo 95. FM ya kwetu inapanda hadi 108, ndiyo maana stesheni nyingi huzipati. Ramani iliyomo ni ya Japani. Ukichomoa betri, nyingi za Toyota zinajifunga na kudai namba ya siri kwa maandishi ya Kijapani, na zile zinazotumia kadi ya SD, kadi ikipotea redio nzima imegoma. Hiyo itoe bila huruma.

Kati ya Android na CarPlay, mteja akinifuata namuuliza hivi: unataka akili ya kifaa ikae wapi? Redio ya Android ni kompyuta kamili iliyokaa kwenye dashibodi. Prosesa na RAM ya siku uliyonunua ndiyo utakayoishi nayo, na za bei ya chini hazipati masasisho. Nimefungua zilizoandikwa toleo jipya kabisa la Android kwenye kioo, kumbe ndani ni la zamani, limebadilishwa maandishi tu. CarPlay ya Apple na Android Auto ya Google, zote zilizotangazwa mwaka 2014, zimekwenda njia nyingine. Kioo kinaonyesha na kupokea kidole chako, kazi yote inafanywa na simu. Simu ikisasishwa, umesasisha na gari. Mteja anakuja na ramani zake, muziki wake na bando lake. Kwa gari la kukodisha, hilo la bando si dogo, maana laini ya ndani ya redio unailipia wewe.

Jambo jingine. Nyuma ya redio za Toyota kuna plagi mbili nyeupe, moja ya pini 10 na nyingine ya pini 6. Waya za kuunganishia zilizotengenezwa tayari zinauzwa, unachomeka tu na plagi za gari zinabaki nzima. Ukiona fundi ameshika koleo anataka kukata, mzuie hapohapo. Waya zilizokatwa na kuzungushiwa gundi ya plastiki, kwa vumbi na mtikisiko wa barabara zetu, zinalegea moja baada ya nyingine. Kwanza spika ya kushoto, kisha taa ya redio, mwisho fyuzi inakatika kila wiki na hakuna anayejua ni kwa nini.

Mangi_Himo

Fundi nakuheshimu, ila hapa nakataa kidogo. Nina redio ya Android kwenye gari la nyumbani na inanifaa. Ramani naipakua nikiwa nyumbani, naendesha Himo hadi Dar bila kugusa bando. Dereva wako akiwa na simu mbovu, hiyo Android Auto inabaki redio tupu. Tena nyingi za sasa zina CarPlay na Android Auto humohumo. Chukua yenye RAM ya 4GB kwenda juu, za 1GB na 2GB usiziguse, zinakwama, hata ukirudi nyuma kamera inachelewa kuwaka.

Dereva_Karatu

Binti, mimi ni dereva wa watalii wa miaka mingi, nikuambie habari ya Land Cruiser.

Huko tunakopita, mtandao unakuja na kuondoka. Mtu yeyote anayekuuzia kifaa kwa ahadi kwamba mama ataliona gari muda wote akiwa amekaa Olasiti, muulize ameshavuka geti la Naabi la Serengeti mara ngapi. GPS yenyewe inapata mahali ilipo kutoka kwenye satelaiti, haihitaji mtandao wa simu. Tatizo ni kutuma. Kifaa kizuri kinaandika njia yote kwenye kumbukumbu yake, kikipata mtandao kinamwaga yote kwa mpigo. Kibaya kinaacha pengo, unaona gari lilikuwa Ngorongoro, ghafla liko Makuyuni. Hilo ndilo la kuuliza dukani: kinahifadhi au hakihifadhi?

Na redio ya upepo, ile ya kuongea gari kwa gari, usiitoe kwa ajili ya kioo chochote. Kuna madereva siku hizi wanadhani kundi la WhatsApp limetosha. Gari likikwama kwenye tope la pamba, ule udongo mweusi unaonata, mwezi wa nne, anayekusikia ni mwenzako aliye nyuma ya kilima, si kundi. Hakikisha tu leseni ya masafa kutoka TCRA, wasimamizi wa mawasiliano, iko hai. Kama fedha ya Land Cruiser inabaki, iweke kwenye kifaa cha satelaiti cha kushika mkononi, vile vinavyotumia mtandao wa satelaiti wa Iridium, kama inReach. Satelaiti zao ni 66 na zinafunika dunia yote. Kila mwezi unalipia, na ujumbe ni maandishi mafupi, lakini kitufe cha SOS kinafanya kazi pale ambapo simu zote zimekufa.

Binti_Olasiti

Shikamoo mzee wangu, na asante. Swali kwa fundi: nimeona GPS ya kuchomeka tu chini ya usukani, bila kukata waya wowote, wanasema inasoma hadi mafuta. Na jingine, yule mama wa Kijapani anayeongea kila nikiwasha Noah, ananyamazishwaje?

FundiUmeme_Sakina

Huyo mama ni ETC, kifaa cha kulipia barabara za kulipia za Japani. Kinawasiliana na vituo vyao kwa redio ya 5.8 GHz, na kila asubuhi anakukumbusha kwamba kadi haijawekwa. Hapa hana kazi. Kisanduku chake kiko chini ya dashibodi au kwenye droo, tunachomoa plagi yake, basi.

Soketi unayosema ni OBD, ya kusomea kompyuta ya gari, ina pini 16. Marekani waliilazimisha kwa magari mapya kuanzia 1996, Ulaya magari ya petroli kuanzia 2001. Noah yako inayo, lakini Toyota za zamani kidogo za soko la Japani hazijibu vizuri vifaa vya kawaida vya kusomea, kwa hiyo usinunue kabla ya kujaribu kwenye gari lenyewe. Pia mteja mwenye nia mbaya anaichomoa kwa sekunde moja na gari limepotea. Gari la kukodisha, GPS ifungwe kwa waya, ifichwe.

Kwa 1HZ sahau kabisa habari ya kusoma mafuta kwa soketi. Pampu yake ya dizeli ni ya kimakanika, hakuna kompyuta ya injini ya kuulizwa. Ukitaka kujua mafuta yanayoibwa, inabidi fimbo ya kipimo iingizwe kwenye tangi na kuunganishwa na GPS. Ni kazi nzuri ila ina gharama, na tangi la ziada la safari linahitaji fimbo yake.

Laini_Tengeru

Nafanya kazi za mawasiliano, niongeze kwenye 2G na 4G, kwa sababu hapo ndipo watu wanapopoteza fedha bila kujua.

Gari linakaa barabarani miaka 20 na zaidi. Mtandao wa simu haukai hivyo. Marekani, AT&T ilizima 2G mwanzoni mwa 2017 na 3G Februari 2022, na magari mengi yaliyotoka kiwandani na modemu hizo yalipoteza huduma zao, zikiwemo za kuita msaada baada ya ajali, wakati injini na bodi bado ni nzima. Kwetu 2G bado inafanya kazi nzuri na vijijini ndiyo inayofika mbali, kwa hiyo usinunue ya 4G peke yake pia. Chukua ya 4G inayoshuka yenyewe hadi 2G. Angalia na bendi: kifaa kilichotengenezwa kwa Marekani, chenye bendi 2, 4 na 12, hapa hakitapata 4G. Tafuta chenye bendi ya 3, yaani 1800 MHz, na 20 ikiwemo.

La pili ni usalama, na hapa naomba unisikilize kwa makini kwa sababu mama anataka kuzima gari kwa simu. Julai 2015 watafiti wawili Marekani, Charlie Miller na Chris Valasek, waliingia kwenye Jeep Cherokee iliyokuwa barabarani kupitia modemu yake wakiwa mbali nayo, wakaizimia nguvu. Magari milioni 1.4 yaliitwa kurekebishwa. Julai 2022 mamlaka ya Marekani ya usalama wa mitandao, CISA, ilitoa tahadhari juu ya GPS ya MiCODUS MV720, inayofungwa kwenye magari nchi nyingi, kwa sababu mtu wa nje angeweza kuiamuru kukata mafuta. Namba yake ya siri ya kiwandani ilikuwa 123456. GPS nyingi za bei ya chini zina namba hiyohiyo na zinapokea amri kwa SMS. Siku ya kufunga, kabla hujalipa, badilisha namba ya siri wewe mwenyewe, na laini iwe imesajiliwa kwa jina la familia yenu, si la fundi.

Dereva_Karatu

Hilo la kuzima nalipinga kwa nguvu zote kwa Land Cruiser na Coaster. 1HZ ikizimwa ikiwa mwendoni, usukani unakuwa mzito papo hapo, na pampu ya hewa ya breki inaendeshwa na injini, kwa hiyo unabaki na kanyago mbili tatu kisha breki ni jiwe. Hebu fikiria hilo kwenye mteremko wa Seneto wa kuingia kreta ya Ngorongoro, wageni wamesimama juu wanapiga picha. Au Coaster imejaa watoto inashuka Rhotia. Mama asipewe kitufe hicho.

Laini_Tengeru

Mzee amesema kweli. Kuna njia ya katikati: amri isikate injini inayozunguka, izuie tu kuwashwa tena ikishazimwa. Mwizi atasimama mahali, na hapo ndipo haendi tena. Fundi atumie rilei, swichi inayoendeshwa kwa umeme, kwenye waya wa stata, asiguse wa mafuta.

Mangi_Himo

Coaster usiifungie kioo. Watoto wanahitaji dereva anayetazama mbele. Na kama siku moja mtaiingiza njia za mikoani, LATRA, wasimamizi wa usafiri wa ardhini, wana mfumo wao wa kufuatilia mabasi, VTS, hii GPS yenu haichukui nafasi yake.

Binti_Olasiti

Nimewaelewa. Basi naanza na GPS za 4G zinazoshuka hadi 2G, zenye kumbukumbu, kwenye magari yote matatu. Noah inapata redio ya CarPlay na Android Auto. Land Cruiser inabaki na redio ya upepo, na kifaa cha satelaiti tutakinunua kabla ya msimu wa mwezi wa sita. Kuzima kwa simu ni Noah tu, kwenye stata. Mama nimemsomea maneno ya mzee kuhusu Seneto, amekubali mwenyewe.

Nina swali moja limebaki. Kuna mzazi ameomba namba ya kuingilia ili aone Coaster iko wapi asubuhi. Nimpe?

Laini_Tengeru

Usimpe namba yako ya siri, hiyo inafungua historia ya magari yote na amri zote. Programu nyingi zina kiungo cha muda, unachagua gari moja na muda wa asubuhi tu, ukiisha kinajifunga. Na dereva aambiwe kwamba gari linafuatiliwa, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inamhusu yeye pia.

FundiUmeme_Sakina

Ukija, njoo asubuhi gari likiwa la baridi, Land Cruiser inachukua muda. Antena ya GPS siiweki chini ya bati la dashibodi kama wengi wanavyofanya, naipandisha chini ya plastiki karibu na kioo cha mbele ili ione anga. Tundu la laini nalifunga kwa utepe, maana barabara ya mawe baada ya geti la Loduare inazichomoa. Tukimaliza tutazunguka nayo hadi Kisongo na kurudi, uangalie kwenye simu yako kama mstari wa njia umeungana wote.