Mrejesho: ile programu ya kishikwambi kwa watoto wenye homa

Wakuu, niliwauliza kama programu ya kumwongoza tabibu inasaidia pale mtoto ana homa na kipimo cha malaria kimesoma hasi. Niko zahanati huku Uvinza, Kigoma. Tumeanza kuitumia.

Kubwa kwangu ni pumzi. Programu haikuruhusu kuendelea mpaka uhesabu pumzi za mtoto kwa dakika nzima: miezi 2 hadi 11, kuanzia 50 ni haraka, mwaka 1 hadi 5, kuanzia 40. Juzi mtoto wa miezi 9 alifika 58, mama yake anaomba dawa ya mseto, ile ya malaria. Nimonia! Tukampa amoksilini, leo ananyonya vizuri. Zamani ningempa mseto, na hilo linaniuma sana.

Umeme ukikatika tunarudi kwenye chati ya ukutani.