Mjadala: Ukichagua kaunti ya kuhamia shamba, bei ya ekari isiwe swali la kwanza

Kila mtu akiuliza aende kaunti gani kuanza maisha ya shamba, yaani nyumba, bustani na mifugo ya kuitosha familia yake, jibu linalokuja haraka ni moja: nenda pale ekari ni rahisi na kaunti haikusumbui na vibali. Wengi wanaosema hivyo wamehama kweli na wanaishi huko, kwa hiyo siwadharau. Lakini nabisha. Swali la kwanza ni maji, tena maji ya mwezi mbaya kuliko yote.

Nilipoanza kutafuta, nilipelekwa kuona kipande cha ekari tano wakati wa mvua. Nyasi zilinifika magotini, kijito kinapita mpakani, nami nilikuwa tayari kulipa siku ileile. Mzee mmoja jirani ndiye aliyenizuia. "Rudi kiangazi, mwanangu, ndipo uamue." Nilirudi baada ya miezi minne, nikakuta mchanga mtupu. Mama mmoja alikuwa amepiga magoti kando ya shimo la kina cha mkono, anachota kwa kikombe, anangoja maji yajikusanye, anachota tena. Ndoo ya lita 20 ilimchukua karibu nusu saa. Dalali bado alikuwa anataja bei ileile.

Najua nitaambiwa nivune maji ya paa. Haya, tupige hesabu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 100, mahali panapopata milimita 600 kwa mwaka, linapokea lita 60,000. Toa moja ya tano inayomwagika na kukauka, unabaki na 48,000. Familia ya watu watano, kila mmoja lita 50 kwa siku, inatumia 250 kila siku. Maji yale yanaisha kabla ya miezi saba, na hujamnywesha hata ng'ombe mmoja wa maziwa, ambaye peke yake anaweza kumaliza lita 60 au zaidi kwa siku. Halafu kuna tangi: kiangazi cha siku 120 kinataka uwe umeweka lita 30,000 za watu tu. Gharama ya tangi hilo iingize kwenye bei ya ardhi, kisha uniambie kama bado ni rahisi.

Wengine wanategemea kisima cha kuchimbwa kwa mashine. Ni sawa, ila usiulize kina peke yake. Waulize wenye visima vya jirani vinatoa kiasi gani mwishoni mwa kiangazi, na kama kuna vilivyokauka. Maji yapimwe pia. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha floraidi kuwa miligramu 1.5 kwa lita, na madini hayo hayaonekani wala hayana harufu. Kuyachemsha hakusaidii, kwani maji yakipungua sufuriani floraidi inabaki na kuzidi ukali. Meno ya watoto waliokulia pale yanaweza kukuonyesha mapema, yakiwa na madoa ya kahawia.

Sasa hoja ya vibali, ambayo najua ndiyo itawasha moto hapa. Ndugu zangu, kaunti isiyokuuliza kitu haimwulizi jirani yako kitu pia. Wewe unajenga choo unapotaka, na yeye, akiwa upande wa juu maji yanakotoka, anachimba choo chake hatua chache kutoka kisima chako, au anaziba kijito kwa bwawa lake. Ukienda kulalamika, unalalamika kwa sheria gani? Nakubali kuna kaunti ambazo vibali vimegeuzwa mtego wa kumchosha maskini, na hilo linauma. Ila dawa yake ni kudai utaratibu mfupi na wa haki. Na katika nchi nyingi kumiliki ardhi hakukupi umiliki wa maji yaliyo chini yake au yanayopita juu yake, kwa hiyo kabla ya kulipa uliza nani ana kibali cha kuyatumia huko juu.

Mengine ni ya kawaida: hati ya ardhi ikaguliwe, na haki ya njia iwe imeandikwa, isiwe ahadi ya mdomo ya mwenye shamba la mbele. Hospitali uipime kwa saa utakazotumia kufika usiku barabara ikiwa tope.

Ninachotaka kusikia ni kutoka kwa mliokaa miaka kumi au zaidi kwenye kaunti zisizo na masharti: jirani wa juu alipoziba maji, mlimfanya nini, na nani aliwasikiliza?