Je, ratiba ya kila siku humpunguzia mtu kweli mzigo wa kuamua?

Mwanagenzi:
Habari zenu, wanajukwaa. Tangu nianze kufanyia kazi nyumbani nimegundua kwamba kinachonichosha si kazi yenyewe, bali utitiri wa maamuzi madogo yanayoitangulia: niamke saa ngapi, nianze na lipi, nipumzike lini. Mara tatu nimejiwekea ratiba ya asubuhi, na kila mara nilipokosa siku moja niliitupa yote. Je, mazoea haya yana faida ya kweli, au ni maneno tu ya wapenda nidhamu?

Alfajiri:
Ndugu Mwanagenzi, siku moja isikuvunje moyo. Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea kila mmoja zoea moja jipya, na katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 walikadiria kwamba zoea hukomaa baada ya siku zipatazo 66, ingawa tofauti kati ya mtu na mtu ilikuwa kubwa mno, kuanzia siku 18 hadi 254. Waliona pia kwamba kukosa mara moja hakukuathiri sana safari nzima. Nahisi kosa lako lilikuwa kubeba ratiba nzima kwa mpigo. Chagua tendo moja, ulifungamanishe na jambo ambalo tayari unalifanya kila siku bila kulisahau: “Nikimaliza kupiga mswaki, nitaketi mezani na kufungua kazi niliyoiacha jana.” Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ameandika mengi kuhusu mipango ya namna hii, ambayo nguvu yake imo katika kutaja mapema wakati na mahali, hata tendo lisisubiri mjadala.

Mdadisi:
Naunga mkono, ila niongeze tahadhari. Wengi husema kwamba utashi ni kama mafuta ya taa, kila uamuzi huyapunguza. Dhana hiyo ilipata umaarufu kwa majaribio ya mwanasaikolojia Roy Baumeister ya mwaka 1998, lakini mwaka 2016 maabara 23 zilipoirudia kwa pamoja, zikiwa na washiriki zaidi ya 2,000, athari iliyoonekana ilikaribia sifuri. Kwa hiyo mimi sitetei ratiba kwa hoja ya kuhifadhi nguvu. Naitetea kwa sababu nyepesi zaidi: swali lililokwisha kujibiwa haliulizwi tena. Wala usiyapangie ratiba mambo yote, kwani uamuzi mzito, kama wa kubadili kazi, unastahili kukusumbua.

Alfajiri:
Sahihi kabisa, Mdadisi. Kama ningeambiwa nichague jambo moja tu la kulishika, ningeshika saa ya kuamka, hata siku za mapumziko, kisha nitoke nje kupata mwanga, kwa sababu mwanga wa asubuhi ndio unaoirekebisha saa ya mwili na kuusogeza usingizi wa usiku mahali pake.

Mwanagenzi:
Ahsanteni sana. Nitaanza na saa ya kuamka na lile la mswaki, mengine yasubiri. Swali dogo tu kwa Alfajiri: usiku nikichelewa kulala, niamke saa ile ile?

Alfajiri:
Ndiyo, amka saa ile ile, kisha usiku unaofuata wahi kitandani.