Virusi vya mkanda wa jeshi kuingia kwenye retina, hii kitu ipo kweli?

mwana_pwani: Wakuu habari za jioni. Bro wangu alitoka mkanda wa jeshi mwezi uliopita ukapona vizuri tu, sasa jicho la kushoto likawa jekundu linauma akanunua matone duka la dawa, baadae anaona vitu vyeusi vinaelea mara ukungu. Leo hospitali wamempanulia mboni wakachungulia wanasema virusi vinaua retina, ile ngozi ya ndani nyuma ya jicho inayopokea picha, alazwe leo leo, dripu, na sindano NDANI ya jicho!! Halafu apime HIV. Jamaa kagoma, anasema ye mzima wa afya. Ni kweli au wanatafuta hela za bima?

Kibaha_one: Sindano ya jicho asikubali. Macho mekundu yanaisha yenyewe, apake yale matone ya steroidi.

zamu_ya_usiku: Kibaha utapofusha mtu. Macho mekundu ya mtaani hayaleti vitu vya kuelea, na steroidi bila dawa ya virusi ni kumwagia moto petroli. Wanampa baadae, virusi vikishaanza kudhibitiwa.

Mwana_pwani, ugonjwa upo ila ni nadra, Wajapani waliuelezea 1971. Retina inakufa kuanzia pembeni kuja katikati, kwa hiyo mwanzoni mtu anaona bado anasoma meseji anadhani ni kitu kidogo. Virusi ni vilevile vya tetekuwanga na mkanda wa jeshi, huwa havitoki mwilini vinalala kwenye mishipa ya fahamu, au vya herpesi. Vinashika hata mtu mwenye kinga nzuri. HIV wanapima kwa sababu kinga ikiwa chini inakuja aina inayokimbia zaidi, na kuna virusi vingine, sitomegalo, vinapenda retina ya mwenye CD4 (hesabu ya chembe za kinga) chini ya 50. Watapima na kaswende maana nayo inaiga. Hakuna anayemtuhumu.

Dripu ni asaiklovia, dawa ya virusi, kila masaa 8, kama wiki au zaidi, wanaangalia figo na anywe maji, halafu vidonge wiki kadhaa. Aliyepata jicho moja asipotibiwa, kama theluthi yao la pili linafuata, mara nyingi ndani ya wiki 6. Kwa hiyo hiyo dripu ni ya kulinda na jicho lisiloumwa pia, mwambie hivyo hivyo.

mama_nuru: Shemeji yangu aliupata, kituo cha kwanza wakampa matone wakamwambia arudi wiki ijayo 😡 Sindano wanapiga ganzi, inashtua kuliko kuuma. Ila retina ilikuja kubanduka dawa zimeshaisha, akapasuliwa wakaweka mafuta ya silikoni, jicho hilo anaona vidole tu. La pili zima. Bro akiona mwanga unamweka au pazia jeusi arudi siku hiyohiyo hata kama hana miadi.

mwana_pwani: Nimemsomea yote, la jicho la pili ndo limemnyoosha. Kalazwa, dripu inaenda. Dokta anasema wamechota maji ya jicho wapime PCR (kipimo cha kujua ni virusi gani), na dawa ya virusi ya sindano ya jicho, foskaneti, haipo watadunga gansaiklovia, ni sawa?

zamu_ya_usiku: Sawa kabisa, nayo inatumika jichoni. Wasisubiri majibu ya PCR ndo waanze, na jicho la kulia wawe wanalipanulia na kuliangalia kila wanapoliangalia la kushoto.