Mbwa akimng'ata mpita njia, alaumiwe mwenye geti au mwenye miguu?

Mtoa mada

Wakuu, habari za muda huu. Huku viunga vya Goba, Dar es Salaam, mkutano wa mtaa wetu umeisha kwa ushauri ambao umenikaa kooni. Watu walilalamikia mbwa wanaofunguliwa usiku na kuachwa barabarani mpaka jua limechomoza. Jibu la meza kuu: watu watembee na fimbo, wapite wawili wawili, na asiye na safari ya lazima asitoke kabla ya saa kumi na mbili. Makofi yakapigwa, tukahamia ajenda ya taka.

Nani anatoka kabla ya saa kumi na mbili kwa starehe? Ni mtoto wa shule anayewahi daladala kabla konda hajaanza kukataa wanafunzi. Ni mama anayewahi samaki soko la Feri, muuguzi anayerudi kutoka zamu ya usiku, muumini anayekwenda swala ya alfajiri. Na sisi wachache wa mazoezi, haya, tutukaneni. Wote hao wapangiwe muda wa kutembea ili mtu mmoja mwenye ukuta alale na geti wazi?

Msimamo wangu ni kwamba mbwa anayetusumbua ana mwenyewe. Tunamwita koko kwa sababu tunamkuta njiani, lakini mngoje kukuche uone geti gani linamfungukia. Watafiti wa kichaa cha mbwa wamelisema hili kwa miaka: mbwa wengi wanaozurura Tanzania wana kwao. Tatizo letu ni geti, na geti lina jina la mtu.

Lakini kwa kuwa watu wanaendelea kupita wakati sisi tunabishana, niseme ninavyofanya mimi. Sikimbii. Mbwa akiona kisigino kinakimbia, hata yule aliyekuwa anabweka tu anapata kazi ya kufanya. Nasimama, namgeuzia ubavu, simkazii macho, mikono naishusha, kisha narudi nyuma taratibu bila kumpa mgongo. Begi, mwavuli, koti, chochote nilicho nacho nakiweka kati yetu, aking'ata ang'ate hicho. Mwenye baiskeli ashuke aifanye ngao. Ukianguka, jikunje, ficha uso, funika shingo na masikio kwa mikono, usipige kelele. Mtoto afundishwe haya nyumbani kama anavyofundishwa kuvuka barabara.

Karibuni.

Ukuta Mrefu

Mkuu, nakuheshimu, ila inaelekea hujawahi kuvunjiwa. Mimi nimevunjiwa. Wezi waliingia, wakachukua mpaka mtungi wa gesi, na mlinzi nilimkuta amefungwa kamba. Kampuni ya ulinzi inataka hela kila mwezi, mbwa anataka dagaa na ugali.

Mnasema tuwafungie ndani. Mbwa wa ndani anabweka mwizi akiwa tayari juu ya ukuta. Mbwa aliye nje anamfanya mwizi asiingie kabisa kwenye uchochoro wetu. Na uchochoro huo ndio mnaopitia nyie alfajiri. Wakati nyumba yangu haina mbwa, hapo hapo watu walikuwa wanakabwa. Leo mnakanyaga kwa amani halafu mnamlaumu anayewalinda bure. Geti langu lina kibao kikubwa, MBWA MKALI. Asiyetaka apite barabara kuu.

Mama Wawili

Kaka Ukuta Mrefu, pole kwa wizi. Mwanangu wa kwanza aling'atwa paja akienda shule, na barabara kuu unayoisema ndiyo hiyo hiyo alikuwa anaielekea. Nilipokwenda kugonga, swali la kwanza: "Alimchokoza?" Nikauliza kadi ya chanjo ya mbwa. Ipo, ila anayo bwana, na bwana kasafiri. Zahanati ya karibu haikuwa na sindano, tukaelekezwa hospitali kubwa, na huko nikalipa mimi. Aliyetulinda bure hatukumwona tena mpaka leo.

Mtoto sasa anazunguka njia ndefu. Nyumba imelindwa, sawa. Mwanangu yeye alindwe na nani?

Rungu

Mnajichosha. Nyama yenye sumu usiku mmoja, asubuhi halmashauri wapite na gari. Zamani ilikuwa hivyo na watu walitembea.

Mganga wa Ng'ombe

Wakuu, mimi ni mtu wa mifugo, na hapa nitaandika kirefu.

Nianze na Rungu. Zamani ilikuwa hivyo, kweli, na kichaa cha mbwa hakikuisha zamani hiyo. Kisiwa cha Flores, Indonesia, kilipata ugonjwa huu mwaka 1997 kwa mbwa waliosafirishwa na vyombo vya wavuvi. Wakaua mbwa kwa maelfu. Ugonjwa ukabaki. Ukiua mbwa wa mtaa, watu wanaleta wengine kutoka mtaa wa pili, wadogo, wasiochanjwa, na wale waliokuwa wamechanjwa ndio umewazika. Halafu sumu haichagui. Anaiokota paka, kuku, na siku nyingine mtoto. Isitoshe, tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Kumtesa mnyama ni kosa.

Kinachofanya kazi ni chanjo. Ukichanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo na kurudia kila mwaka, virusi vinakosa pa kwenda. Si nadharia ya Ulaya hii: Pemba walikata maambukizi kwa kampeni za kuchanja mbwa, ugonjwa ukarudi, wakachanja tena wakaukata tena. Kisiwa kina faida ya bahari, nakubali. Goba haina bahari, na ndiyo sababu mtaa mmoja ukichanja peke yake haitoshi.

Sasa kuhusu kung'atwa, maana naona watu wanazungumza kidonda wakati hatari kubwa iko kwenye mate. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 59,000 hufa kwa kichaa cha mbwa kila mwaka duniani, na karibu wote wameambukizwa na mbwa. Kwa Tanzania, makadirio yaliyochapishwa mwaka 2002 yalifika kama vifo 1,500 kwa mwaka, huku vilivyoandikwa rasmi vikiwa vichache mno, kwa sababu wengi hufia nyumbani na kuitwa wamerogwa. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Zinaweza kuchukua wiki au miezi, kwa hiyo "mbona sijisikii kitu" si kipimo.

Ukiumwa, hata mkwaruzo wa jino tu, tafuta maji yanayotiririka na sabuni, osha dakika 15 kamili. Usiweke pilipili, mafuta ya taa wala majani. Kisha hospitali siku hiyo hiyo. Sindano ya kwanza ni siku hiyo, nyingine siku ya 3, nyingine siku ya 7, na kutegemea utaratibu wa hospitali kuna nyingine baadaye. Kidonda kikubwa, au cha kichwani na mikononi, huhitaji pia dawa ya kingamwili kwenye jeraha lenyewe. Usiache katikati kwa kuwa kidonda kimefunga.

Na tafadhali, msimuue mbwa papo hapo. Akifungiwa siku 10 akabaki mzima, maana yake siku ile aling'ata mate yake hayakuwa na virusi, na daktari anaweza kusimamisha dozi zilizobaki. Mkimpiga mawe mkamtupa jalalani mmepoteza jibu. Ila msingoje hizo siku 10 ndipo muanze sindano! Mambo hayo mawili yanakwenda pamoja.

Rungu

Daktari, nimekusoma. Siku 10 anafungiwa wapi, kwako?

Mganga wa Ng'ombe

Kwa mwenyewe, ndani ya banda, afisa mifugo wa kata akipita kumwangalia. Asipopatikana mwenyewe ndipo kazi inapoanza, sikufichi.

Sheria Kiganjani

Ndugu Ukuta Mrefu, kuhusu kibao chako. Kinamwonya anayeingia kwako. Barabarani hakina nguvu yoyote, kwa sababu barabara si yako. Ila kina kazi nyingine ambayo huenda hujaifikiria. Katika sheria za madai tulizorithi kwa Waingereza, mwenye mnyama ambaye alijua kuwa mnyama huyo ana tabia ya kudhuru anawajibika kwa madhara bila mlalamikaji kuhangaika kuthibitisha uzembe. Mlalamikaji anatakiwa kuonyesha kwamba ulijua. Wewe umeandika kwa rangi nyekundu, herufi kubwa, ukapigilia misumari getini. Wakili wa upande wa pili atakuja na picha ya simu tu.

Na si madai peke yake. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inapotaja vitendo vya uzembe vinavyohatarisha watu, inamtaja pia mtu asiyechukua tahadhari dhidi ya hatari ya mnyama aliye mikononi mwake. Mama Wawili, picha za jeraha, vyeti vya hospitali na risiti za sindano usitupe hata kimoja. Jeraha huoshwa kwanza, PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, baadaye.

Ukuta Mrefu

Kwa hiyo nikiondoa kibao nipo salama? Natania. Lakini wakili, mwizi akinikata panga nani analipa?

Baba Swaumu

Assalaam alaykum. Niongeze jambo ambalo mkutanoni hatulisemi kwa kuogopa kuonekana wagombanishi. Mimi natoka na kanzu kwenda msikitini alfajiri. Mbwa asiponing'ata, akinigusa tu kwa pua yenye mate, kwa madhehebu yetu ya Shafii nguo ile inataka kuoshwa mara saba, moja kwa udongo. Narudi nyumbani, swala ya jamaa inanipita. Jirani anacheka kwamba mbwa "alikuwa anakusalimia tu".

Sisemi mbwa wafukuzwe. Dini imeruhusu mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba, na wanazuoni wengi wameona ulinzi wa nyumba unaingia humo. Lakini alinde nyumba. Hili halihitaji hata dini. Mkristo anayewahi misa ya kwanza anapita hapo hapo.

Mlinzi Mstaafu

Shikamooni wakubwa. Nimekaa mageti ya watu miaka mingi, acha niseme tunayoyaona sisi.

Mbwa hazaliwi mkali hivyo. Analetwa mdogo, anatiwa kwenye banda nyuma karibu na jenereta, haoni mtu mchana kutwa ila mfanyakazi anayempa chakula. Bosi anataka awe mkali, kwa hiyo watoto wanakatazwa kumshika. Saa nne usiku anafunguliwa. Jamani, kiumbe kimefungwa tangu asubuhi, kitakimbia! Mlinzi naye anataka kulala kidogo au hataki mavi ya kusafisha uani, anafungua geti dogo mbwa wakatembee nje. Bosi hajui, au anajua na ananyamaza. Wakizoea barabara wiki kadhaa, kwao inakuwa ni uani. Ukipita wewe, kwa akili yake umeingia nyumbani kwake. Wakili kamwambia Ukuta Mrefu barabara si yake, mbwa hajaambiwa hivyo.

Kuhusu kuokota jiwe, wengi mnalitegemea. Kwa koko aliyekulia vichochoroni linafaa, maana mawe anayajua, ukiinama tu anarudi nyuma. Kwa hawa wa banda halifai. Hajawahi kupigwa jiwe, hajui unainama kufanya nini, na umemsogezea uso. Kwa huyo bora ubaki wima kama alivyosema mtoa mada. Fimbo ibebeni, lakini iwe ya kuweka mbele, msiizungushe. Na waamrisheni kwa sauti nzito, "Rudi! Nyumbani!", wengi wao wanaitambua, ndiyo lugha wanayoamriwa na mlinzi. Usipige mayowe.

Dawa ni ndogo. Geti dogo lifungwe kwa kufuli na ufunguo abaki nao bosi. Mbwa afunguliwe ndani ya ukuta, arudishwe bandani kabla ya adhana. Gharama yake ni kufuli moja.

Jirani wa Mombasa

Huku Kenya mjadala ni huo huo, ila kaunti ndiyo hulaumiwa. Tuna mkakati wa kitaifa wa kumaliza kichaa cha mbwa, wa 2014 hadi 2030, na Makueni ni miongoni mwa kaunti zilizoanza nao. Chanjo imesaidia, lakini mbwa aliyechanjwa bado ana meno. Mzee Mlinzi amesema kweli. Hapa mtaani tuliandikiana na wenye nyumba, kila geti likachangia malipo ya bawabu mmoja wa kuzunguka usiku. Mbwa wakabaki ndani.

Mtoa mada

Nimewasoma wote. Ukuta Mrefu, nakubali kitu kimoja kwako, kwamba uchochoro ule ulikuwa mbaya kabla ya mbwa. Ulikuwa mbaya. Ila hesabu yako inatoa faida kwa wote na hasara inampa mtoto wa Mama Wawili peke yake. Kama mbwa wako ni ulinzi wa mtaa, basi mtaa ukae upange analindaje, saa ngapi, na akidhuru nani analipa. Kama ni mbwa wako, mfungie kwako. Huwezi kuwa na yote mawili kwa kuchagua kila moja siku linapokufaa.

Mkutano ujao nitapeleka haya matatu: kufuli la geti dogo, kadi za chanjo zionyeshwe ofisi ya mtaa kila mwaka, na mwenye mbwa kulipia sindano bila kuulizwa nani alichokoza. Halmashauri zina uwezo wa kutunga sheria ndogo. Mwenye nakala ya sheria ndogo ya mbwa ya kwao aiweke hapa, niende nayo.

Ukuta Mrefu

Njoo nayo, nitakuwepo. La kadi sina tatizo, wangu wamechanjwa. La kufuli nitafikiria mkishaweka taa kwenye ule uchochoro, kwa hiyo uje na bei ya taa pia.

Mama Wawili

Na mimi nitakuja na risiti.