Mkristo anasukumwa na nini kutenda mema: thawabu, hofu au shukrani?

Mwanajumuiya

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Naomba msaada katika jambo lililozua mjadala mkali katika jumuiya yetu ya mtaani. Kila mwezi tunachanga fedha kwa ajili ya wagonjwa na wajane, na katibu husoma majina ya waliotoa pamoja na kiasi cha kila mmoja. Tangu utaratibu huo uanze michango imeongezeka, wala hakuna anayekana kwamba wajane wamefaidika. Hivi karibuni mama mmoja mtu mzima alisimama akasema kwamba yeye hutoa elfu mbili, na kila jina lake linaposomwa baada ya jina la mtu wa laki moja, hujiona ametiwa katika mashindano ambayo hakuyaomba. Akajibiwa papo hapo kwamba apandaye haba atavuna haba.

Jibu hilo limenisumbua tangu siku hiyo. Ikiwa tumeokolewa kwa neema, Mkristo atende mema kwa msukumo gani? Na nia isipokuwa safi, je, tendo lenyewe hubaki jema?

Mwalimu wa Kipaimara

Ndugu Mwanajumuiya, anza na Waefeso 2, ila usiishie mstari wa 9 kama wengi wetu tulivyozoea. Mtume Paulo anasema hatukuokolewa kwa matendo, mtu awaye yote asije akajisifu. Kisha mstari wa 10 unaongeza kwamba tuliumbwa katika Kristo Yesu ili tutende matendo mema. Matendo hayo hayanunui wokovu, bali ndiyo maisha ya mtu ambaye amekwisha kuupokea. Martin Luther alilitetea jambo hili mwaka 1520 alipoandika juu ya uhuru wa Mkristo: aliye huru mbele za Mungu kwa imani hujifanya mtumishi wa jirani yake kwa upendo, kwa kuwa hana tena haja ya kujitafutia haki yake mwenyewe. Katekisimu ya Heidelberg ya mwaka 1563, kitabu cha mafundisho cha makanisa ya Kireformati, nayo iliyaweka mafundisho yote juu ya matendo mema na amri kumi chini ya kichwa kimoja tu, yaani shukrani.

Tazama pia mpangilio wa habari za Zakayo katika Luka 19. Yesu anamwita kwa jina na kujialika nyumbani kwake kabla mtoza ushuru huyo hajaahidi senti moja. Nusu ya mali kwa maskini, na kuwarudishia mara nne aliowadhulumu, ni mambo yaliyokuja baada ya kupokewa, na hakuna aliyemwekea kiwango.

Mkatoliki wa Bukoba

Tumsifu Yesu Kristo. Nakubaliana na Mwalimu kuhusu neema kutangulia, na ninafurahi kwamba Wakatoliki na Walutheri walitia saini tamko la pamoja juu ya kuhesabiwa haki, yaani jinsi mwenye dhambi anavyokubaliwa na Mungu kuwa mwenye haki, huko Augsburg, tarehe 31 Oktoba 1999, baada ya karne nyingi za kulaumiana. Hata hivyo nisingependa tuione thawabu kama neno la aibu, kwa sababu Bwana mwenyewe amelitumia. Katika Mathayo 6, pale pale anapokataza kupiga panda mbele ya watu, anaahidi kwamba Baba aonaye sirini atatujazi. Wale wanaotafuta macho ya watu wamekwisha kupata thawabu yao. Kosa lao ni kuitafuta kwa watu, na kuridhika na iliyo ndogo kiasi hicho.

Mtakatifu Augustino alifundisha kwamba Mungu anapozitunukia stahili zetu, huwa anazitunukia karama zake mwenyewe. Mtu anayeelewa hivyo anaweza kuitumaini mbingu bila kumdai Mungu. Ninachokiogopa ni yale mafundisho ya kupanda mbegu ambayo siku hizi yameenea kila mahali, ambapo mtu hutoa elfu kumi akihesabu kwamba itarudi laki. Hapo mjane amegeuzwa shamba la mwenye fedha.

Muuguzi

Ninafanya kazi wodini, na vikundi vya makanisa hutujia mara kwa mara na sabuni, sukari na unga wa uji. Wapo wanaoweka mfuko kitandani, wakamwinua mgonjwa akiwa na dripu mkononi, wakapiga naye picha, wakahamia kitanda kinachofuata. Wapo pia wanaouliza kwanza kama amekula, wakakoroga uji wenyewe na kumlisha. Sabuni ni ile ile, na Yakobo 2 hainiruhusu kuikataa kwa sababu ya nia ya aliyeileta, kwani mwenye njaa hawezi kusubiri hadi moyo wa mtoaji utakaswe. Lakini mgonjwa hutambua kilichomleta mgeni wake. Nimewaona wakigeuza uso ukutani simu inapoinuliwa.

Mwanajumuiya

Asanteni sana, ndugu zangu. Nitapendekeza usomwe jumla ya fedha peke yake. Wengine watapinga kwamba michango itashuka, na kwamba hata Paulo aliwatangazia Wakorintho utoaji wa Wamakedonia.

Mwalimu wa Kipaimara

Ni kweli aliwatangazia, katika 2 Wakorintho 8. Ila alitaja makanisa, hakutaja mtu wala kiasi, na alichokisifu ni kwamba walitoa wakiwa katika umaskini mkuu. Alipofika kwenye hoja yake kubwa, mstari wa 9, alisema juu ya Kristo ambaye alikuwa tajiri akawa maskini kwa ajili yetu. Michango ikishuka, fundisheni mstari huo. Na kwa kuwa wapo watakaosema kwamba kuficha majina ni kuficha hesabu, wasomeeni mstari wa 18 hadi wa 21, ambapo Paulo anakubali kufuatana na ndugu aliyechaguliwa na makanisa, ili asilaumiwe na mtu kwa habari ya fedha hizo. Nanyi chagueni wawili wasio viongozi wakague daftari la mweka hazina kila mwezi.