Gumzo la ukoo: kwa nini mti ule ulipandwa bustanini

[18:42] Rehema: Shikamooni wazee wangu. Mwanangu wa miaka kumi amenikwamisha. Amerudi kutoka mafundisho ya Jumapili, akanikuta nakuna nazi, akaniuliza: ikiwa Mungu alijua tangu mwanzo kwamba Adamu na Hawa wangelila lile tunda, kwa nini aliupanda ule mti bustanini? Nilimjibu kwamba Mungu alitaka watu wamtii kwa hiari yao. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba mama akijua mtoto atachezea kiberiti, hukiweka juu ya kabati. Sikuwa na la kusema, na sitaki kumfukuza kwa kumwambia kuwa hayo ni mambo ya wakubwa.

[18:55] Baba Mkubwa Muheza: Marahaba, mwanangu. Usimfukuze kabisa, kwa maana swali lake liliwahi kumnyima raha Augustino wa Hippo, askofu na mwalimu wa Kanisa la kale, ambaye alizaliwa mwaka 354 katika mji wa Thagaste, nchi inayoitwa Algeria leo. Katika ujana wake alifuata dini ya Wamani kwa takriban miaka tisa, nao walifundisha kwamba ulimwengu una mamlaka mbili zinazopigana, ya nuru na ya giza, na kwamba mtu akitenda ubaya ni lile giza lililomo ndani yake linalotenda. Fundisho hilo lilimpa mtu nafasi ya kusema, "Si mimi." Baadaye Augustino alilikataa, akafundisha kwamba ubaya si kitu kilichoumbwa bali ni upungufu wa wema, kama vile kidonda kisivyoweza kuwapo peke yake bila mwili. Kwake dhambi ilikuwa ni kugeuka: utashi huliacha jema lililo kubwa ukaling'ang'ania lililo dogo. Utashi wenyewe ni zawadi njema, kama mkono, ambao ndio huohuo unaolisha mtoto na ndio unaoiba.

[19:03] Binamu Yusufu: Shikamoo, mjomba. Nakubali kwamba mkono ni mwema hata kama unaweza kuiba, lakini swali la mtoto liko palepale. Mwaka 1955 mwanafalsafa J. L. Mackie wa Australia aliuliza hivi: ikiwa mtu anaweza kuchagua jema kwa hiari mara moja, na akaweza tena mara ya pili, kwa nini Mungu mwenye uwezo wote hakuumba watu ambao wangechagua jema kwa hiari kila mara? Alvin Plantinga, mwanafalsafa Mkristo wa Marekani, alimjibu kwa kirefu mwaka 1974 kwamba atakachochagua mtu huru kinamtegemea mtu huyo mwenyewe, kwa hiyo huenda haiwezekani, hata kwa Mwenyezi, kuumba watu walio huru kweli huku akihakikisha kwamba hawatakosea kamwe. Hoja hiyo naiona ni nzuri, ila inathibitisha tu kwamba Mungu na dhambi vinaweza kuwapo pamoja bila kupingana. Aliyedhulumiwa haimfuti machozi.

[19:05] Baba Mkubwa Muheza: Marahaba, Yusufu. Umesema kweli, wala sitajaribu kukupinga katika hilo la machozi.

[19:18] Shangazi Tanga: Nimetoka kuswali Magharibi, ndipo nikausoma mjadala huu wote. Kwetu, mtoto huzaliwa katika maumbile safi na harithi kosa la Adamu, na hapo mimi na kaka yangu hatujawahi kukubaliana tangu nilipoolewa huku nikasilimu. Hata hivyo kuna jambo katika kisa hicho ambalo ningependa Rehema amsimulie mwanawe. Walioasi ni wawili, Iblisi na Adamu. Iblisi alipoulizwa alimwambia Mola kwamba ni Yeye aliyempotosha. Adamu na mkewe walisema, "Mola wetu, tumezidhulumu nafsi zetu." Wote walikuwa wameasi, na wote walikuwa chini ya elimu ileile ya Mwenyezi Mungu isiyopitwa na kitu. Tofauti ilikuja baada ya kosa: mmoja aliitumia kadari kuwa kisingizio, na mwingine akasema kosa ni lake.

[19:21] Baba Mkubwa Muheza: Dada, umenigusa. Katika Mwanzo sura ya tatu, Adamu wetu alianza kwa kusema, "Huyo mwanamke uliyenipa," akamlaumu mkewe na Mungu kwa pumzi moja. Mimi husoma kwamba maneno hayo yalikuwa kosa la pili, na nyumba nyingi nilizozitembelea nikiwa katekista zilikuwa zimevunjwa na hilo la pili kuliko la kwanza.

[19:30] Shangazi Tanga: Naam. Na kuhusu kadari, msidhani kwamba Waislamu hawakulijadili. Walikuwapo Jabria, waliosema mja hana uchaguzi wowote, ni kama unyoya katika upepo, na walikuwapo Kadaria, waliosema mja ndiye mwenye matendo yake yote. Imamu Ash'ari wa Basra, aliyefariki mwaka 936, alishika njia ya kati akasema kwamba Mungu ndiye anayekiumba kitendo na mja ndiye anayekichuma, na hilo la kuchuma ndilo neno ninalowafundisha watoto wa madrasa, kwa sababu mwenye shamba huvuna alichokipanda ijapokuwa mvua si yake. Lakini kinachonitosha zaidi ni kisa cha Sayyidna Umar, khalifa wa pili. Alipokuwa safarini kwenda Shamu, yaani nchi za Syria, alisikia kwamba kule kumeingia tauni, akaamua kurudi na watu wake. Sahaba Abu Ubaida akamwuliza, "Unaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu?" Akajibu kwamba ndiyo, tunaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kwenda kwenye kadari ya Mwenyezi Mungu. Akampa mfano wa mwenye ngamia aliyeteremka katika bonde lenye upande wa majani na upande mkavu: popote atakapowalisha, ni kwa kadari, lakini ni juu yake kuchagua.

[19:52] Baba Mdogo: Nimekuwa nikisoma kimya, na nimefuta ujumbe huu mara tatu kabla ya kuutuma. Mnajua wote kwamba huu ni mwezi wa kumi sijagusa pombe. Katika miaka ile, ndani ya kikundi hiki niliambiwa mambo ya aina mbili. Wengine walisema kwamba nimelogwa au nimeingiwa na shetani, na wengine kwamba ninajitakia tu, ningeamua ningeacha kesho yake. Siwalaumu, maana mlikuwa mmechoka. Lakini hakuna hata moja kati ya hayo lililokuwa kweli kamili. Glasi ya kwanza niliichagua, hakuna aliyenishika mkono. Ile ya mwisho, kabla hamjanipeleka hospitali, sijui kama niliichagua. Mtume Paulo anaposema kwamba jema alipendalo halitendi, bali baya asilolipenda ndilo alitendalo, mimi sihitaji mtu wa kunifafanulia.

Nilichojifunza ni kwamba hiari haina kipimo kimoja siku nzima. Saa 12 jioni, nikiwa nimesimama mbele ya kilabu na mshahara mfukoni, hiari yangu ilikuwa ndogo kiasi cha kutoonekana. Saa 2 asubuhi nilikuwa nayo tele. Kwa hiyo nilianza kuchagua asubuhi. Niliamua mshahara wangu upokelewe na mke wangu. Niliamua kurudi kwa njia ya sokoni, ambayo ni ndefu lakini haipiti pale kilabuni. Dhambi yangu ya jioni nilikuwa naitenda asubuhi bila kujua, kila nilipokataa kuamua.

[19:58] Baba Mkubwa Muheza: Mdogo wangu, nimesoma ujumbe wako nimesimama. Augustino aliiita hali hiyo mnyororo: tamaa ikitumikiwa inakuwa mazoea, na mazoea yasipopingwa yanakuwa lazima. Ndiyo sababu alibishana na Pelagio, aliyefundisha kwamba mwanadamu anaweza kuishika njia kwa nguvu zake mwenyewe, na mwaka 418 mtaguso wa Karthago, yaani mkutano wa maaskofu, ukamkataa Pelagio. Katika ujana wangu niliona Pelagio alionewa. Leo nakuuliza: uliweza peke yako?

[20:01] Baba Mdogo: Hapana, kaka. Kwanza niliomba nipewe nguvu ya kuomba msaada, halafu ndipo nikawapigia simu nyinyi.

[20:06] Binamu Yusufu: Mjomba, pole sana na hongera. Jambo hili la asubuhi na jioni sijalikuta katika vitabu vyangu, na linanilazimisha nilirudie swali langu upya. Nilikuwa nauliza kama mtu ana hiari au hana, kana kwamba ni taa ya kuwashwa na kuzimwa.

[20:10] Baba Mdogo: Rehema, kile kiberiti kwako bado kiko juu ya kabati?

[20:12] Rehema: Hapana, Baba Mdogo. Kilikuwa juu alipokuwa na miaka mitatu. Sasa ndiye anayewasha jiko la mkaa jioni.

[20:13] Baba Mdogo: Na hujui kwamba ipo siku ataungua kidole?

[20:17] Rehema: Najua. Ameshaungua mara mbili, na sikumnyang'anya.

[20:25] Baba Mkubwa Muheza: Askofu Irenayo wa Lyon, katika karne ya 2, alisema kwamba Adamu na Hawa waliumbwa kama watoto waliopaswa kukua. Mwambie mwanao kwamba mama yake alikiteremsha kiberiti huku akijua, na umwulize anadhani ni kwa nini. Usimpe jibu. Lakini Yusufu akisema kwamba nyumba nzima yaweza kuteketea na wasiokuwa na kosa wakiwamo ndani, mwache aseme, kwa kuwa hilo ni kweli, na mimi huliombea kila usiku nikiwa sina maelezo.

[20:31] Rehema: Nimemwuliza sasa hivi. Amesema, "Kwa sababu ulitaka nijue kupika." Halafu amenyamaza, akauliza kama anaweza kuzungumza na Baba Mdogo, si kwa simu.

[20:34] Baba Mdogo: Nitapita kesho nikitoka kazini, kwa njia ya sokoni. Mwambie awashe jiko, tutakunywa chai.